Mzizi wa Njano wa Manariyo

Mara ya kwanza Edina alipomwona yule bibi, alidhani amekuja kuteka maji kama watu wengine.

Ilikuwa Juni 1998, katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi upande wa Kasulu, siku kisima cha kumi na saba kilipotoa maji. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa umenguruma siku nne mfululizo, na maji yaliporuka juu, kwanza yakiwa tope na baadaye meupe, akina mama walipiga vigelegele na ndoo zikaanza kugombea nafasi. Edina alikuwa amepiga magoti kwenye tope hilo, akijaza chupa zake za sampuli. Yeye alikuwa mtaalamu wa maabara ya maji, Mkinga wa Makete, mwenye miaka thelathini na mmoja, na serikali ilikuwa imempeleka Kigoma miaka miwili iliyopita. Kazi yake ilikuwa kupima kila kisima kabla ya watu kuruhusiwa kunywa. Mkono mkavu ukapenya katikati ya watu, umeshika kikombe cha bati, cheupe ndani na nje, kilichobanduka rangi ukingoni.

"Nipe kidogo, mwanangu. Si ya kunywa."

Edina akamjazia. Bibi akashukuru, akaenda kukaa juu ya jiwe pembeni. Kutoka kwenye fundo la kitenge chake akatoa kipande cha mzizi kinene kama kidole gumba, akakikwangua kwa kisu. Ndani mzizi ulikuwa wa njano iliyokolea, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Makwanguo yakaingia kikombeni. Kisha bibi akatoa rozari, akasali taratibu tangu mwanzo hadi mwisho, akainama kutazama ndani ya kikombe, akamwaga maji chini, akaondoka.

Edina angesahau kabisa, lakini wiki mbili baadaye kilifunguliwa kisima cha kumi na nane, na bibi akaja tena. Kikombe kilekile, mzizi uleule, rozari nzima, kisha maji chini.

"Huyo huja kwenye kila kisima," mafundi wa pampu walimwambia Edina. "Tangu tumeanza kuchimba. Watu wanasema amechanganyikiwa."

Edina alitazama mgongo wa bibi ukipotea kati ya vibanda vya turubai. Kuna jambo lilimkereketa. Alihesabu kichwani: makwanguo ya kijiko kimoja, kikombe kilekile, muda uleule wa rozari moja, yaani kama dakika ishirini. Kwenye chuo cha maji Dar es Salaam walimfundisha mwaka mzima kufanya jambo moja kwa namna ileile kila mara ili majibu yalinganishike. Mtu aliyechanganyikiwa hafanyi hivyo.

Alimwomba Feliksi, dereva wa gari la maabara, amsubiri. Feliksi alikuwa Mha wa Kasulu, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mwenye subira ya kusubiri chochote mradi awe na kivuli. Edina akamfuata bibi hadi kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye wa maji."

Jina lake lilikuwa Manariyo. Kiswahili chake kilikuwa cha Rumonge, mwambao wa Burundi, kilichochanganyika na Kirundi. Alimkalisha Edina kwenye kigoda, akamweleza bila kuficha. Kwao alikuwa akitibu vidonda ndugu, vile vidonda vya miguuni vinavyokula nyama miezi na miaka bila kufunga. Dawa ilikuwa mzizi huo. Mama yake alimfundisha, naye alifundishwa na mama yake. Mmea aliukuta huku pia, unaota kwenye msitu mdogo nyuma ya kambi, sawasawa na wa kwao, majani yaleyale, harufu ileile.

"Lakini dawa inakataa," alisema. "Nachemsha, naloweka, haiji. Namwekea mtu, kidonda kinabaki kinanitazama. Miaka miwili sasa. Nikasema labda ni maji. Ndiyo maana naja visimani."

"Unatazama nini kwenye kikombe?"

"Rangi."

"Rangi ya visima vyote unaikumbuka?"

Manariyo akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama anayakumbuka majina ya watoto wake.

Edina alifungua daftari lake la kazi juu ya magoti. Humo alikuwa ameandika vipimo vya kila kisima, na safu ya tatu ilikuwa pH, kipimo kinachoonyesha kama maji yana uchachu wa tindikali au ukali wa magadi. Chini ya saba, uchachu. Juu ya saba, magadi. Kambi ile ilikaa juu ya mawe ya mchanga, na maji yake mengi yalikuwa na uchachu kidogo.

"Kile cha shule," Edina alisema.

"Limau. Limau tupu."

Daftari lilisema 5.8.

"Cha kanisani."

"Njano kama embe linaloanza kuiva."

6.4.

"Cha karibu na ghala la chakula."

"Hicho kilinipa moyo. Kilifika rangi ya chai ya rangi, nyepesi. Nikangoja rozari ya pili, hakikuendelea."

7.1. Hakukuwa na kisima kilichozidi hapo kambini kote.

Waliendelea hivyo, kisima kimoja baada ya kingine. Bibi huyu ambaye hakujua kusoma alivipanga visima kumi na nane kwa rangi, na mpangilio wake ulifuatana na namba za mashine iliyotoka Ulaya. Palikuwa na kisima kimoja tu walichopishana. Kisima cha tisa, kando ya uwanja wa mpira, Edina alikuwa ameandika 6.9. Manariyo alisema kile kilikuwa limau, sawa na cha shule.

"Labda umesahau, bibi."

"Labda," Manariyo alijibu kwa adabu.

Jioni ile kabla ya kurudi mjini Kigoma, Edina alimwambia Feliksi apitie uwanjani. Akapiga pampu, akasafisha kipimo chake, akakisawazisha kwa maji maalumu ya kupimia, akakitumbukiza. Namba zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye 5.9. Akarudia. 5.9. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile ya Machi, akaona kwamba mstari wa kusawazisha mashine ulikuwa mtupu. Siku ile ilinyesha mvua, walikuwa na haraka, naye hakusawazisha. Kwa miezi mitatu kosa lake lilikaa kwenye ripoti ya serikali, na kikombe cha bati ndicho kilichomsahihisha.

"Kuna nini, dada?" Feliksi aliuliza alipomwona amesimama tu mbele ya pampu.

"Nimekosea," Edina alisema. "Yule bibi hakukosea."

Njiani, vumbi jekundu likiingia kwa madirisha, alimsimulia Feliksi habari yote. Feliksi alisikiliza mpaka walipofika kwenye jina la mmea.

"Anauitaje?"

"Umutukura."

Feliksi akacheka kidogo. "Basi huo mzizi una jina la ajabu. Kwa Kirundi na kwa Kiha kwetu, gutukura ni kuwa mwekundu. Wewe umesema ndani ni wa njano."

"Wa njano kabisa."

"Basi ni kama kumwita mtu mfupi Mrefu."

Edina hakucheka. Alitazama mbele barabarani mpaka mwanga ukaisha, akiwaza kuhusu bibi wa bibi yake Manariyo, mtu aliyesimama mahali fulani kwenye vilima vya Burundi akauona mzizi huo ukiwa mwekundu, mwekundu kiasi cha kuupa jina.

*

Kesho yake asubuhi alikwangua kipande cha mzizi alichopewa na Manariyo, akakiweka kwenye bika, kikombe cha kioo cha kupimia, yenye maji safi ya maabara yasiyo na chumvi yoyote. Maji yalibaki karibu meupe, yakiwa na wingu la njano chini. Kisha akachukua punje ya magadi yaliyonunuliwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharage, akaidondosha ndani.

Rangi iliruka. Ilitoka njano ikapita wekundu mkali kwa muda wa kupepesa jicho, ikageuka zambarau, halafu kahawia, na baada ya dakika tano bika ilikuwa na maji machafu kama ya kuoshea masufuria. Lakini Edina alikuwa ameuona. Wekundu ulikuwamo.

Alipompelekea Manariyo habari hiyo wiki iliyofuata, bibi alitikisa kichwa kwa upole.

"Magadi nilijaribu. Majivu ya ndizi pia. Huiunguza. Mama alisema dawa haipendi kusukumwa, inapenda kuitwa."

"Na maji ya kwenu, bibi, yalikuwaje?"

Uso wa Manariyo ukafunguka. Alieleza chemchemi iliyo chini ya jabali, juu ya Rumonge, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwake. Maji yake yalikuwa ya vuguvugu asubuhi na jioni. Ukiyanywa yalikuwa na ladha ya magadi kwa mbali. Ukifulia, sabuni kidogo tu ilitoa povu la kujaza beseni, na mikono iliteleza. Ukiloweka mzizi humo, kabla hujamaliza rozari maji yalikuwa mekundu.

Edina aliandika kila neno. Maji ya chini ya ardhi yaliyopanda kutoka kina kirefu, yakachukua chumvi za mawe yaliyoyapita. Magadi kidogo, tena tulivu, yasiyozidi. Alijua kwamba hakuna kisima cha kambi kitakachotoa maji kama hayo hata wakichimba mpaka uzeeni. Aliweka kalamu chini, na bibi akaendelea mwenyewe.

"Nilidhani ni kwa sababu ya Manirakiza," alisema.

Manirakiza alikuwa mumewe. Usiku waliokimbia, mwaka 1996, alipigwa risasi ya paja wakiwa tayari wanaingia mtumbwini. Walikuwa watu kumi na mmoja. Walimlaza Manirakiza chini kabisa kwenye mbao, kichwa juu ya furushi la Manariyo, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine laini. Mtumbwi ulivuja. Maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia yakafika vifundoni, nao waliyakumba kwa viganja, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwondolea furushi kichwani.

"Kulipokucha nikaona," Manariyo alisema. "Maji yote mtumbwini yalikuwa amaraso. Damu. Kutoka mbele mpaka nyuma. Miguu yetu sote ilikuwa myekundu. Yeye alikuwa bado anapumua, ananitazama, na mimi nimekaa ndani ya damu yake yote, mimi mganga wa majeraha, sikusikia hata ikitoka. Alikufa kabla hatujaona milima ya huku. Tukamzika Mwamgongo, kijiji cha ufukoni upande huu, wavuvi walitusaidia. Tangu siku ile maji ya lile ziwa sijayagusa. Na tangu siku ile dawa haiji. Nikasema ni haki yake kunikataa."

Edina alikuwa amefumba daftari. Ilikuwa vibaya kuuliza, na aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Bibi, ndani ya furushi mlikuwa na nini?"

"Kanga mbili. Kikombe hiki." Manariyo akafikiri. "Na mizizi. Sikukimbia bila mizizi."

*

Edina aliishi Kigoma mjini, mtaa wa Buzebazeba, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na maji ya bomba aliyooga kila siku kwa miaka miwili yalikuwa maji ya ziwa. Kazi yake ilikuwa visima. Ziwa lilikuwa la ofisi nyingine, lilikuwa mandhari, kitu cha kutazama Jumapili. Alijua, kama anavyojua kila aliyepita chuo cha maji, kwamba Tanganyika ina magadi kiasi. Hakuwahi kukumbuka jambo hilo akiwa na mzizi mkononi.

Asubuhi na mapema alishuka ufukoni Katonga na dumu la lita tano. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeshafika, wanawake walikuwa wakianika dagaa mchangani, na mvuvi mmoja alimsaidia kuteka mbali na ufuko, palipo safi, kwa sababu hakutaka maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Maji yalionekana ya kawaida. Aliyapima palepale akiwa amechuchumaa kwenye ukingo wa mtumbwi. 8.9.

Maabarani alifunga mlango. Akakwangua kijiko kimoja, akakitia kwenye bika yenye maji ya ziwa, akatazama saa ya ukutani. Hakuwa Mkatoliki, hakujua rozari, akahesabu dakika.

Dakika ya tatu, ukingo wa kila ukwanguo ulianza kutoa uzi mwembamba wa rangi ya chungwa. Nyuzi zilishuka polepole, zikajikunja, zikakutana chini. Dakika ya saba chungwa likaanza kuiva. Edina aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Dakika ya kumi na tano maji yote yalikuwa mekundu, wekundu safi, wa kung'aa, uliopenywa na mwanga, na hayakugeuka zambarau wala kahawia. Yalifika pale yakatulia, kama mtu aliyefika nyumbani. Alisogeza bika dirishani, na doa jekundu likaanguka juu ya meza, juu ya daftari, juu ya mkono wake.

Alikaa chini. Miaka kumi alikuwa akipima maji, akiyaandika kwa namba, akiyapeleka kwenye ripoti. Hakuwahi kuhisi kwamba maji yanajua kitu. Sasa alihisi baridi ikimpanda mgongoni kama enzi za utotoni Makete wakati wa umande wa barafu. Mwanamke asiye na jina, miaka mia iliyopita au zaidi, aliloweka mzizi chini ya jabali. Akaona. Akaonja maji, akapima muda kwa sala au kwa wimbo, akamfundisha binti yake. Hakuwa na kioo wala mashine, na alichokipata kilikuwa kweli.

Yeye na Feliksi walifika kambini saa sita mchana. Manariyo alipoambiwa maji ya dumuni yametoka wapi, alirudi nyuma hatua moja.

"Usiyaguse, bibi. Mimi nitaloweka. Wewe tazama tu."

Edina alitumia kikombe cheupe cha bati. Manariyo alitoa rozari kwa mazoea, lakini hakuimaliza. Shanga zilisimama vidoleni. Feliksi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia yake bila kujua kwa nini.

"Mana yanje, Mungu wangu," bibi alinong'ona.

Alitazama muda mrefu. Kisha akakaa chini kwenye udongo, miguu imenyooshwa mbele kama msichana, akaivuta kanga mpaka juu ya vifundo. Aliitazama miguu yake.

"Furushi lilikuwa chini ya kichwa chake," alisema. "Ndani ya maji. Usiku kucha."

"Ndiyo, bibi."

"Basi haikuwa yake yote."

"Risasi ya paja inaweza kuua mtu kwa ndani," Edina alisema kwa uangalifu. "Alitoka damu, sina la kusema hapo. Lakini mtumbwi mzima, kutoka mbele mpaka nyuma, hapana. Hiyo ilikuwa dawa yako."

Manariyo alianza kulia. Alilia kwa sauti, kwa namna ambayo majirani walichungulia, na Feliksi akawaashiria wawaache. Edina alipiga magoti kando yake akamshika bega. Baadaye sana, bibi alipojifuta uso, alinyoosha mkono, akachovya vidole viwili kwenye kikombe, akavitazama vikiwa vyekundu.

"Alikuwa amelalia dawa," alisema, "na sikujua."

*

Ilibidi kazi ifanyike kwa utaratibu, na Edina hakukubali haraka. Tabibu wa zahanati ya kambi, Rodgers, kijana wa Tanga aliyekuwa mgumu kuamini, alikuwa na mgonjwa aitwaye Ciza, msusi wa vikapu, mwenye kidonda ndugu kwenye muundi kwa miezi minane. Rodgers alichukua usaha kwa pamba, Edina akaupandikiza kwenye visahani sita vya kukuzia vijidudu. Juu ya kila kisahani aliweka vipande vitatu vidogo vya karatasi: kimoja kilicholowa maji ya kisima yaliyolowekwa mzizi, kingine maji ya ziwa yaliyolowekwa mzizi, kingine maji ya ziwa matupu. Akavifungia kwenye kabati la joto.

Asubuhi ya pili alifungua. Vijidudu vilikuwa vimejaa kisahani chote, utando mzito wenye rangi ya maziwa yaliyolala. Kuzunguka karatasi ya kisima, utando ulifika mpaka ukingoni. Kuzunguka maji matupu, vivyo hivyo. Lakini kuzunguka karatasi nyekundu palikuwa na duara safi, lenye upana wa kizibo cha soda, ambamo hapakuwa na kitu kabisa. Visahani vyote sita vilikuwa na duara hilo, mahali palepale.

Rodgers alikuja mwenyewe mjini kuviona. Alivigeuza kimoja kimoja mbele ya dirisha.

"Huyu mama alisoma wapi?" aliuliza.

"Chini ya jabali," Edina akamjibu.

Sampuli zilikwenda kwa mkemia mmoja wa chuo kikuu Dar es Salaam, na baada ya miezi minne akajibu kwa barua ya kurasa tatu. Rangi ile ya njano ilikuwa ya ukoo wa viini vya mimea vinavyojulikana, vinavyogeuka vyekundu kwenye magadi. Hakukuwa na jipya hapo. Ila kiini hicho kikiwa cha njano hakiyeyuki katika maji, hubaki ndani ya mzizi. Kikiwa chekundu huyeyuka na kutoka. Magadi mengi hukivunja. Hajaona popote, aliandika, mahali ambapo mtu ameeleza kwamba tiba inategemea chemchemi moja na si mmea peke yake, na alitaka sana kujua ni nani aliyelifikiria jambo hilo.

Edina alimsomea Manariyo barua hiyo sentensi kwa sentensi, akiitafsiri kutoka Kiingereza. "Dawa haikukukataa. Ilikuwa imelala ndani ya mzizi. Maji ya huku hayana cha kuitoa."

"Imelala," Manariyo alirudia, akitikisa kichwa kukubali. Neno hilo lilimpendeza.

Rodgers alianza kumtibu Ciza, dawa za zahanati kwa mkono mmoja na kitambaa kilicholowa dawa nyekundu ya Manariyo kwa mkono mwingine, akiandika kila siku. Katika wiki ya sita kidonda kilifunga. "Mtu mmoja si utafiti," Rodgers alisema, na akaanza kutafuta wagonjwa kumi na wawili wengine. Kati ya hao, tisa walipona, wawili hawakupona, mmoja alihamishwa kambi. Aliandika yote kama yalivyokuwa, na Edina alimheshimu zaidi kwa wale wawili.

Makala ya kisayansi kuhusu dawa hiyo ilipokuwa inaandaliwa, mkemia alipendekeza waandike shukrani kwa mtoa habari wa kienyeji. Edina alimwandikia barua ya kukataa, ya ukurasa mmoja, ya adabu na isiyopinda, na jina la Manariyo likaingia juu, kati ya majina ya waandishi.

*

Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya kilomita nne za kambi bila kibali. Kibali cha Manariyo kilichukua wiki saba na mihuri mitatu, na kilikuwa cha siku moja tu: kwenda Kigoma kuonyesha uandaaji wa dawa. Feliksi alimkalisha mbele, kando yake, wakaongea Kiha na Kirundi njia nzima, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Walisimama Katonga kwanza, kwa kuwa Manariyo aliomba. Aliteremka, akatembea kati ya vichanja vya dagaa, akasimama pale mchanga unapoanza kulowa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa na buluu hafifu. Kaskazini, ufuko ulijikunja kuelekea Mwamgongo, ambako hakukuonekana kutoka pale.

"Lina kina gani?" aliuliza.

"Karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, mahali penye kina kirefu kabisa."

Manariyo aligeuka kuona kama anatania. "Na magadi yake yanatoka wapi?"

Edina alimweleza anachokijua. Kwamba mto Rusizi unaingia kutoka kaskazini, kutoka nchi ya milima ya moto, ukibeba chumvi za mawe yake. Kwamba kuna chemchemi za moto zinazopumua chini ya maji. Kwamba jua hunyonya maji na kuacha chumvi, na kwamba kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka, kabla ya kuwa na watu wa kuliita ziwa. Alipokuwa akisema, maneno aliyoyasoma chuoni kwa ajili ya mtihani yalimjia kama habari mpya, naye alijikuta akitazama maji yale yasiyo na mwisho.

Manariyo aliinua kanga, akaingia mpaka magotini. Alisimama hivyo. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, na Edina akatazama pembeni. Kisha bibi akainama, akateka kwa kiganja, akaonja, akayazungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi, akatema.

"Ya kwetu yalikuwa makali kidogo kupita haya," alisema. "Haya ni mapole. Mmekuwa mkiloweka rozari moja?"

"Dakika ishirini, bibi."

"Hazitoshi. Kwa maji haya, rozari moja na nusu. Na mzizi ukwanguliwe mwembamba zaidi. Kwa nini hamkuniuliza?"

Edina alitoa daftari kwenye mkoba, akiwa amesimama na viatu ndani ya maji, akaandika.